Sura ya 7: Wati 500 Mbili, Bei Mbili

Swali hili husikika kila siku kwenye maduka ya kompyuta ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi: "Kaka, hii imeandikwa wati 500, na ile pia wati 500. Mbona ile inauzwa mara tatu ya hii?" Muuzaji mwenye haraka hujibu kwamba ile nyingine ni "orijino", mnunuzi anachukua ya bei rahisi, na biashara inaishia hapo. Jibu hilo halimsaidii mtu. Hata ile ya bei rahisi imetoka kiwandani, ina boksi na lebo yake, na ukiichomeka kompyuta inawaka. Siku ya kwanza huoni tofauti yoyote. Utaiona umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, au kompyuta ikifanya kazi nzito saa nne mfululizo mwezi wa joto huku feni imejaa vumbi.

Nalijibu swali hili kwa urefu kwa sababu pawa saplai ndiyo inayolisha kila kitu kilichomo ndani ya kasha la kompyuta. Diski ikifa, imekufa peke yake. Pawa saplai ikifa vibaya inaweza kuondoka na diski, bodi kuu (ile mafundi wanayoiita madabodi) na kazi zako za miaka. Hata hivyo, watu wengi wakipanga bajeti ya kompyuta, hiki ndicho kifaa wanachokinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki.

## Kazi yake hasa

Umeme wa kwenye soketi ni wa volti 230 Tanzania na 240 Kenya, na hubadili mwelekeo huku na huku kwa mizunguko 50 kila sekunde. Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme. Vifaa vya ndani ya kompyuta haviwezi kuutumia umeme huo. Vinataka umeme mdogo usiobadili mwelekeo, kama wa betri: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Pawa saplai inaupokea ule wa ukutani, inaushusha, inaunyoosha na kuugawa kwa waya za rangi: njano kwa volti 12, nyekundu kwa 5, na rangi ya chungwa kwa 3.3.

Kuugawa tu hakutoshi. Kanuni za ATX, zilizowekwa na kampuni ya Intel mwaka 1995 na ambazo kompyuta nyingi za mezani zinazifuata hadi leo, kwa miaka mingi zimesema ule wa volti 12 usishuke chini ya 11.4 wala kuvuka 12.6. Zinasema pia kwamba viwimbi, yaani mtikisiko mdogo unaobaki baada ya umeme kunyooshwa, visizidi milivolti 120 kwenye volti 12 na milivolti 50 kwenye 5 na 3.3. Milivolti ni sehemu moja ya elfu ya volti. Viwimbi vikizidi havionekani kwa macho, wala kipimio cha kawaida cha fundi hakivioneshi vizuri. Dalili zake ni kompyuta kuganda bila sababu, au bodi kuu kuzeeka kabla ya wakati.

Kuna sharti la tatu ambalo kwetu lina uzito kuliko yote: umeme ukikatika ghafla, pawa saplai iendelee kutoa umeme kamili kwa milisekunde 16 hivi kutokana na akiba iliyomo ndani yake. Muda huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini una maana. UPS ya kawaida ya ofisini, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhamia kwenye betri. Pawa saplai yenye akiba ya kutosha hulivuka pengo hilo bila kutikisika. Ile iliyobana gharama kwa kuweka akiba ndogo inazima katikati ya pengo. Kwa hiyo ukimsikia mtu akilalamika kwamba "nimenunua UPS lakini umeme ukikatika kompyuta inajizima vilevile", usikimbilie kuilaumu UPS.

## Hesabu ya lebo

Sasa turudi kwenye zile wati 500. Wati ni kipimo cha kazi ambayo umeme unaweza kufanya kila sekunde, na hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Ampea ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya. Hesabu ni hiyo tu, na kikokotoo cha simu kinatosha.

Geuza pawa saplai uangalie jedwali lililo ubavuni. Kwenye ya bei rahisi utakuta kitu kama hiki: volti 3.3, ampea 28. Volti 5, ampea 30. Volti 12, ampea 20. Zidisha kila mstari. Wa kwanza unatoa wati 92, wa pili 150, wa tatu 240. Jumlisha, ongeza vipande vidogo vidogo vya mwisho wa jedwali, unakaribia 500. Hesabu imetimia kwenye karatasi.

Tatizo ni kwamba kompyuta ya leo haitumii umeme kwa mgawanyo huo. Miaka ya 1990 prosesa, ambayo ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta, ilikula kwenye njia za volti 5 na 3.3. Kuanzia mwaka 2000, ilipoingia Pentium 4, mzigo ulianza kuhamia kwenye volti 12. Leo prosesa na kadi ya grafiki, ile kadi inayochora picha za michezo na video, hula karibu kila kitu kutoka hapo. Kwa hiyo pawa saplai ya mfano wetu ni ya wati 240 kwa matumizi ya sasa. Hizo nyingine zimeegemezwa kwenye njia ambazo karibu hakuna anayezitumia.

Ile ya bei kubwa itaandika volti 12, ampea 38 au zaidi. Zidisha: wati 456 kati ya 500. Hapo umepata nusu ya jibu la swali letu, bila kufungua skrubu hata moja. Zote mbili zimeandikwa 500, lakini kwenye njia ya volti 12 moja inatoa karibu mara mbili ya nyingine.

Lebo ina mtego wa pili, wa muda. Baadhi ya viwanda huandika wati za kilele, yaani kiwango ambacho kifaa kinaweza kukifikia kwa sekunde chache. Mchukuzi wa sokoni anaweza kuinua magunia mawili kwa mara moja mbele ya watu; ukimwajiri kwa siku nzima, utamlipa kwa gunia moja moja. Unachotaka kujua ni wati za mfululizo. Kama lebo haisemi, chukulia ni za kilele.

Mtego wa tatu ni joto. Kuna zinazopimwa kwenye nyuzi 25 za chumba cha baridi, na kuna zinazohakikishwa kwenye nyuzi 40 au 50. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, ndani ya kasha lililosukumwa chini ya meza, nyuzi 40 ni jambo la kawaida, na uwezo wa pawa saplai hupungua joto linapopanda. Anayeuza Arusha kwenye baridi anaweza kulipuuza hili. Anayenunua kwa ajili ya Tanga kwenye joto la pwani asilipuuze.

Kwa kifupi hadi hapa: usiisome namba kubwa iliyo kwenye boksi. Soma ampea za volti 12, zidisha kwa 12, kisha tafuta neno linalosema kama ni za mfululizo na kwenye joto gani.

## Beji ya dhahabu ina thamani gani?

Wengi wameshasikia kwamba ukiona beji ya 80 PLUS, na hasa ya Gold, basi umepona. Beji hiyo ni kitu kizuri, lakini inapima jambo moja.

Mpango wa 80 PLUS ulianza Marekani mwaka 2004. Unapima ufanisi, yaani katika kila wati 100 zinazovutwa ukutani, ni ngapi zinafika kwenye kompyuta na ngapi zinapotea kama joto. Ngazi ya chini inadai 80 zifike. Juu yake zipo Bronze, Silver, Gold, Platinum na Titanium. Katika kipimo cha umeme wa volti 115, Gold inatakiwa kufikisha asilimia 87 kwenye mzigo mdogo, 90 kwenye mzigo wa nusu na 87 kwenye mzigo kamili.

Ufanisi una faida ya pesa, ila inategemea unafanya nini. Chukua studio ya kuhariri video ambapo kompyuta inakula wati 250 kwa saa 8 kila siku, siku 300 za mwaka. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 75 itavuta wati 333 ukutani. Yenye asilimia 90 itavuta 278. Tofauti ya wati 55 kwa mwaka ni yuniti 132 (yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa moja). Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipia kwenye Luku au kwenye tokeni, utaona kama ile ya bei kubwa inajilipia. Kwa kompyuta ya kuchapa barua inayokula wati 60 kwa saa 4 kwa siku, siku 300 zilezile, tofauti hiyohiyo ya ufanisi inaokoa yuniti 16 tu kwa mwaka mzima. Kumshauri mwenye stationery ya mtaani anunue Platinum ni kumwingiza hasara, na nimeuona ushauri huo ukitolewa kwa kujiamini kabisa.

Kile ambacho beji haikipimi ndicho kinachonisumbua. Kipimo hufanywa kwenye nyuzi 23 za joto. Hakiangalii viwimbi. Hakiangalii kama kinga za ndani zinafanya kazi. Mwaka 2021 ulimwengu wa kompyuta ulipata somo la wazi. Kampuni ya Gigabyte, jina kubwa lenye sifa, ilikuwa na pawa saplai mbili, GP-P750GM na GP-P850GM, zote zenye beji ya Gold. Wanunuzi wakaanza kuripoti kwamba zinakufa, nyingine kwa mlipuko. Wapimaji wa chaneli ya YouTube ya Gamers Nexus wakanunua kadhaa wakazitesa kwenye mashine, nazo zikaungua. Chanzo kilichojadiliwa sana ni kinga ya mzigo kupita kiasi, ule mfumo unaotakiwa kukata umeme ukidaiwa kuliko uwezo. Kwenye ile ya wati 750, kinga ilikuwa imewekwa ikate kati ya wati 900 na 1,125. Agosti mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba imeshusha kiwango hicho hadi kati ya 825 na 900, ikawapa waliokwisha kununua nafasi ya kubadilishiwa. Beji ilikuwa ya kweli muda wote huo. Ufanisi ulikuwepo. Kilichokosekana ni kinga ya kukata kwa wakati.

Kwa hiyo uliza pia kinga. Zile za lazima ni nne: ya shoti, ya volti kupanda, ya mzigo kupita kiasi na ya joto. Pawa saplai ya heshima huziorodhesha kwenye boksi, ingawa, kama tulivyoona, kuziorodhesha ni jambo moja na kuziweka sawasawa ni jingine. Ndiyo maana vipimo vya watu huru vina thamani kuliko beji. Kampuni ya Cybenetics ya Cyprus, kwa mfano, huweka wazi ripoti za kila modeli inayoipima: ufanisi, kelele za feni, na viwimbi vyenyewe.

## Zote mbili mezani kwa fundi

Usijaribu hili nyumbani. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita kubwa, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, na vinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Acha fundi anayejua kuvitoa umeme afungue, wewe simama pembeni uangalie.

Ya bei kubwa ikifunguliwa, kitu cha kwanza karibu na tundu la waya wa ukutani ni koili mbili zilizosukwa kwa waya wa shaba, kapasita za mraba za njano na za rangi ya buluu, na kidude cha duara chembamba kinachokaa kando ya fyuzi. Kidude hicho huumeza umeme unaoruka ghafla. Koili na kapasita huchuja uchafu wa umeme unaoingia na unaotoka. Ya bei rahisi ina nafasi za vitu vyote hivyo. Bodi imechapwa alama na kutobolewa matundu, lakini mahali pa koili wamelehemu vipande viwili vya waya mtupu, na mahali pa kile kidude hamna kitu. Mchoraji wa bodi alijua kinachohitajika. Mwenye kiwanda akaamua kutoweka. Hili ndilo linaloniudhi kuliko mengine, kwa sababu sisi wenye umeme wa kukatika na kurudi ndio tunaokihitaji zaidi hicho kilichoondolewa.

Endelea ndani. Kapasita za ile ya bei kubwa zimeandikwa nyuzi 105, na huenda zina majina ya Kijapani kama Rubycon, Nichicon au Nippon Chemi-Con. Za ile ya bei rahisi zimeandikwa nyuzi 85. Kapasita hizi zina majimaji ndani yanayokauka taratibu, na kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, umri wake huongezeka karibu maradufu. Tofauti ya 85 na 105 kwenye kasha la joto ni tofauti ya miaka. Kapasita iliyochoka huvimba kichwani, wakati mwingine huvuja ute wa kahawia.

Waya pia hutofautiana. Nzuri zina maandishi 18AWG ubavuni, za kubana gharama 20 au 22. Namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba, na waya mwembamba ukibeba umeme mwingi hupata moto.

Baadhi ya mafundi huipima pawa saplai kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa. Feni ikizunguka wanasema ni nzima. Kipimo hicho kinathibitisha kwamba inawaka. Hakisemi lolote kuhusu itakavyokuwa ikibebeshwa mzigo.

## Swichi nyekundu

Pawa saplai nyingi za bei rahisi zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Kwetu ikae 230 daima. Ikiwa 115 nawe ukachomeka kwenye umeme wetu, mfumo wa ndani unajaribu kuuzidisha umeme maradufu, na kapasita mbili kubwa ambazo kila moja imetengenezwa kwa volti 200 zinapata zaidi ya 300. Zinapasuka kwa kishindo na moshi. Hali hii huwapata hasa watu walioletewa kompyuta na ndugu kutoka Marekani, ambako swichi iliwekwa 115 kihalali.

Zilizo bora hazina swichi hiyo. Zimeandikwa 100–240V na zinajipanga zenyewe. Zina mzunguko unaoitwa PFC amilifu, ambao huzifanya zivute umeme kwa utulivu badala ya kwa mikupuo. Faida ya pembeni ni kwamba umeme ukishuka hadi volti 170 jioni mtaa mzima unapopika, bado zinaendelea. Zina adui mmoja wa kuangalia: UPS za bei ya chini hutoa umeme wenye umbo la ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai za PFC amilifu huukataa na kuzima. Kabla ya kununua UPS mpya, ijaribu na kompyuta yako yenyewe, ikiwa imewashwa na inafanya kazi.

## Vipi za mtumba?

Hapa nina msimamo ambao wauzaji wengi hawaupendi. Kompyuta ya ofisini ya mtumba, Dell OptiPlex kwa mfano, huja na pawa saplai iliyoandikwa wati 240 au 275. Mnunuzi anaiona ndogo, anataka aitoe aweke mpya ya "600" ya bei ya chini. Asifanye hivyo. Kampuni zinazouza maelfu ya mashine kwa mabenki na serikali haziwezi kumudu pawa saplai zinazolipuka, kwa hiyo huagiza kwa watengenezaji wakubwa kama Delta na Lite-On, na wati zilizoandikwa ni za kweli. Zaidi ya hapo, nyingi za mashine hizo zina plagi za mpangilio wao wenyewe, na kulazimisha nyingine kunaweza kuua bodi kuu. Ukitaka kuongeza kadi kubwa ya grafiki, afadhali ubadili kompyuta.

## Kabla ya kulipa

Dukani uliza na uangalie haya:

- Ampea za volti 12. Zidisha kwa 12. Kompyuta ya ofisi inatosheka na wati 200 hadi 300 za kweli. Yenye kadi ya grafiki, fuata wati anazopendekeza mtengenezaji wa kadi.
- Maandishi 100–240V na kutokuwepo kwa swichi nyekundu.
- Modeli kamili, ili utafute kipimo chake. Jina la kampuni pekee halitoshi, maana kampuni hiyohiyo huuza nzuri na hafifu.
- Plagi za kadi ya grafiki zitoke ndani ya pawa saplai yenyewe. Ukipewa adapta ya kuunganisha kwenye waya za diski, rudisha.
- Garantii ya maandishi. Zenye ubora huwa na miaka 5 hadi 10. Ya wiki moja inakuambia muuzaji mwenyewe anaiaminije.
- Uzito, kwa zile za bei ya chini tu. Nyepesi sana imepunguziwa shaba na vipoza joto.

Kama pesa ulizonazo hazifiki kwenye ya wati 500 za kweli, usinunue ya 500 za uongo. Nunua ya wati 350 au 400 ya modeli iliyopimwa, yenye beji ya Bronze, kinga zote nne na garantii ya miaka kadhaa. Itaibeba kompyuta ya kawaida ya nyumbani au ya ofisi kwa miaka mingi, na risiti yake ihifadhi.